Tupeane uzoefu: kuandika upya sentensi za Kiingereza bila kuharibu maana

BintiJang'ombe: Asalam alaykum. Mdogo wangu yuko fomu foo, na kila jioni tunagombana kwenye lile swali la kuandika upya sentensi kwa kufuata maelekezo, mara tumia "too", mara anza na "No sooner". Kanuni anazo zote kichwani, ila akimaliza kuandika, sentensi imeshakuwa nyengine kabisa. Mliopita huko na mnaofundisha, nyinyi mlishika vipi?

Mwalimu_Wete: Waalaykum salaam binti. Nafundisha tuisheni hapa Wete, na swali hilo nalipenda kwa sababu linamuumbua aliyekariri. Chukua hii: "The tea was so hot that we could not drink it." Waambie watumie "too". Wengi watakuletea "The tea was too hot for us not to drink it." Isome vizuri: chai ilikuwa moto hata ikashindikana kuiacha! Ile "not" lazima ife, maana "too" imeshakanusha. Na "it" ya mwisho nayo iondoke, chai si imetajwa mwanzo? Inabaki "The tea was too hot for us to drink."

Mimi kabla hawajashika kalamu nawauliza kwa Kiswahili: chai ilinyweka? Haikunyweka. Wakimaliza kuandika nawauliza tena, safari hii wajibu kwa kuisoma sentensi waliyoandika wao. Majibu yakipishana, mtu anafuta mwenyewe, mimi sijasema kitu.

Papasi_Mstaafu: Kiingereza changu nimekiokota ufukweni Nungwi. Hayo ma "no sooner" sijamsikia mgeni hata mmoja akiyasema. Kutesa watoto tu.

Mwalimu_Wete: Hawayasemi, sheikh, wanayaandika. "No sooner had we reached Mkokotoni than the rain started." "No sooner" inataka "than", "hardly" inataka "when", na zote mbili zinakitanguliza kitenzi kisaidizi mbele ya mtenda. Hapa mtoto akariri tu, hakuna njia nyengine.

Mapokezi_Paje: Mtihani huu hauishi skuli. Kwenye hoteli niliyokuwa, mwenzangu wa zamu ya usiku aliandika daftarini "The guest in room six broke the lamp." Wa asubuhi akaona maneno makali, akayalainisha: "The lamp in room six was broken." Sarufi haina kasoro hata chembe. Wa malipo akasoma akaelewa taa ilikuwa mbovu tangu zamani, mgeni akaondoka zake bila kudaiwa. Ukigeuza kauli ya kutenda kuwa ya kutendwa, jiulize kwanza kama mtendaji anahitajika. Akihitajika, muweke na "by" yake.

Wa_Tunguu: Nyinyi bado mnaandika kwa mkono, sisi chuo kikuu huku SUZA watu wanabandika sentensi kwenye programu ya kompyuta iwaandikie upya. Tuna mwenzetu alichukua sentensi "Most seaweed farmers in Zanzibar are women", programu ikamrudishia "Most women in Zanzibar are seaweed farmers." Akaiweka hivyo hivyo kwenye utafiti wake. Msimamizi akamuuliza: "Mama yako analima mwani?" Hapana. "Dada zako?" Hapana. Wote wako mjini Michenzani. Maneno yalikuwa yale yale, yamebadilishana viti tu.

BintiJang'ombe: Hahaa, wallahi! Mwalimu, na "unless" je? Ndiyo inayomtoa jasho huyu.

Mwalimu_Wete: "Unless" inakuja na "not" yake tumboni, usimuongezee. "If you do not hurry, you will miss the boat" inakuwa "Unless you hurry, you will miss the boat." Akiandika "Unless you don't hurry", amemwambia abiria wa Mkoani asiharakishe, ndipo atakapoiwahi boti.