Tupeane uzoefu: shati la mtumba lililokupwaya ulilibana vipi nyumbani?

Mleta mada, Mwanga, Kigoma

Ndugu zangu, habari za kazi. Huu ni mwaka wa sita tangu nianze kupunguza mwenyewe mashati yangu ya ofisini, ambayo karibu yote huyanunua mtumbani. Shida yangu ni ileile kila mara: kola inanikaa vizuri, lakini tumbo la shati linajaa upepo kama tanga la mtumbwi.

Nikifika kwenye turubai la muuzaji, kitu cha kwanza kutazama ni mabega. Mshono unaounganisha mkono na bega ukikaa pale mfupa wa bega unapoishia, shati hilo nalichukua hata kama ubavuni lingeweza kuingiza watu wawili. Ukiwa umeteremka hadi juu ya mkono, naliacha hata likiwa la bei ya kutupa, kwa sababu kuurudisha kunadai kufumua mkono mzima, kukata bega na kuchonga upya tundu la kwapa.

Shati langu la kwanza liliniharibikia kwa sababu ya hesabu. Nilitaka kupunguza sentimita 8 kwa jumla, nikachora chaki sentimita 4 kutoka kila ubavu, nikasahau kwamba kila ubavu una kitambaa cha mbele na cha nyuma. Zikaondoka sentimita 16, na vifungo vikavutana hata nisiweze kuketi. Kilichoniokoa ni kwamba nilikuwa sijakata, basi nikafumua kwa wembe na kuanza tena kwa sentimita 2 kila upande. Tangu siku hiyo hupiga bandi kwanza, yaani kushikiza kwa mkono kwa muda, kwa uzi wa rangi tofauti, nikalivaa, nikaketi, nikanyoosha mikono mbele kama anayeendesha baiskeli, ndipo nikakaa kwenye cherehani. Mkasi husubiri hadi nilivae siku nzima.

Naomba na ninyi mtueleze mlivyofanya, hasa pale mlipokosea.

Mchangiaji, Tabora Mjini

Mwangaluka, ndugu mleta mada. Mimi ni mwalimu, na kazi yangu ni kuinua mkono ubaoni tangu asubuhi. Nilibana shati langu kuanzia pindo hadi kwapani, nikaishia hapo, mkono nikauacha na upana wake. Kitambaa kikajikusanya kwapani kama fundo, na wiki hiyohiyo mshono ukaachia nikiwa mbele ya darasa.

Mama mmoja fundi, jirani yangu, alinikalisha akanionyesha kwamba ubavu na mkono ni mstari mmoja. Unaanzia kwenye pindo, unapita kwapani kwa mkunjo wa taratibu usio na kona, kisha unatoka kufuata mkono na kupotea kabla ya kufika penye kifungo. Kwapani penyewe alinikataza kuzidisha nusu sentimita, kwa sababu kadiri unavyokula pale, ndivyo shati zima linavyopanda mtu anapoinua mkono. Alinibadilishia pia sindano. Nilikuwa natumia namba 16, ambayo kwa pamba nyepesi ni nene mno, na matundu yake yalionekana hata baada ya kufumua. Sasa natumia namba 11.

Mchangiaji, Ujiji

Mimi nashonea mume wangu, ambaye kifua chake ni kipana na kiuno chembamba, kwa hiyo ubavuni sigusi kabisa. Nyuma ya shati napiga mikunjo miwili ya kusimama, mmoja kila upande wa uti wa mgongo, inayoanza chini ya mfupa wa bega, inapanuka kiunoni na kuchongoka tena kabla ya pindo. Kila mmoja unameza sentimita 2 na nusu kiunoni, jumla 5, na kifua kinabaki huru. Kwenye ncha sirudishi cherehani nyuma. Naacha nyuzi ndefu na kuzifunga kwa mkono, vinginevyo ncha inavimba. Kwa mwenye kitambi sishauri njia hii.

Angalizo kuhusu pasi ya mkaa: shati lenye mchanganyiko wa poliesta nililiunguza mkono kwa kukosa subira. Siku hizi natandika kitambaa chenye unyevu juu yake.

Mchangiaji, Urambo

Mikono mirefu tu ndiyo iliyokuwa ikinisumbua. Nilihamisha kifungo cha mkononi kwa sentimita 2, mkono ukashika kifundo na haukuteremka tena.

Mleta mada

Mama wa Ujiji, ahsante sana. Nina shati la bluu ambalo nililibana ubavuni, na hadi leo mgongoni linafanya mfuko juu ya mkanda. Sikuwa nimejua sababu. Usiku huu nalipiga bandi hiyo mikunjo miwili, na kesho nitalivaa nyumbani kabla sijaligusa kwa cherehani.