Mtoro wa karantini afungwe? Tupige hesabu kwanza

Mleta mada: Wadau, anayetoroka karantini apigwe faini, akirudia afungwe. Sisemi kwa hasira. Chukua ugonjwa ambao mgonjwa mmoja akiwa huru huambukiza watatu. Katika wagonjwa 100, wakitoroka 20 wataambukiza 60, mlipuko unafifia. Wakitoroka 40 wataambukiza 120, unakua. Mpaka ni theluthi. Kwa surua, ambayo mmoja huambukiza 12 hadi 18 pasipo kinga, mpaka hauvuki hata mtoro mmoja katika kumi.

Mchangiaji wa kwanza: Mkuu, umeanzia katikati. Hao 100 umewajuaje? Si walijitokeza kupimwa? Haya, tangaza jela. Tuseme wanakuja 60, ukuta imara, hatoki mtu. Wale 40 waliojificha wanaambukiza 120. Bila vitisho wanakuja 90, wanatoroka 9, na 10 hawakuja kabisa: walio huru ni 19, wanaambukiza 57. Karantini inayovuja imeishinda isiyovuja.

Mleta mada: Hizo 60 na 90 umezitunga.

Mchangiaji wa kwanza: Nimezitunga, kama wewe ulivyotunga 20 na 40! Modeli, yaani hesabu ya kuigiza mlipuko, si ramli. Inakuonyesha ni namba ipi ukiigusa matokeo yanageuka. Watafiti Kermack na McKendrick mwaka 1927, katika modeli yao ya mlipuko, waligawa watu mafungu: wanaoweza kuambukizwa, wanaoambukiza, na waliokwisha kutoka kwenye mzunguko. Ukiongeza fungu la karantini, weka milango miwili, wa kutorokea na wa kutoingia kabisa. Huo wa pili ndio husahaulika.

Mchangiaji wa pili: Nyie mnaongea wastani, mtoro mmoja hana wastani. Mary Mallon, mpishi wa New York aliyebeba vimelea vya taifodi bila kuugua, aliachiwa kutoka karantini 1910 akiahidi hatapika tena. 1915 akakutwa anapika hospitali ya uzazi kwa jina la Brown. Watu 25 waliugua, wawili wakafa. Ahadi hiyo!

Mchangiaji wa kwanza: Malizia basi. Alipoachiwa alifanya kazi ya kufua nguo, malipo yake chini ya upishi. Njaa nayo iingie kwenye mlinganyo.

Mchangiaji wa tatu: Uingereza wakati wa korona walijaribu faini na posho kwa mpigo. Tarehe 28 Septemba 2020 ilianza faini ya pauni 1,000 hadi 10,000 kwa anayekiuka kujitenga, na siku hiyo hiyo posho ya pauni 500 kwa wenye kipato kidogo wasioweza kufanyia kazi nyumbani. Sasa ukitaka kujua kipi kati ya hivyo viwili kiliwabakiza watu ndani, utavitenganishaje?

Mleta mada: Sawa, jela naiondoa. Faini siiachi, ila iwe kwa aliyepokea posho akatoroka vilevile. Yule aliyejificha asipimwe hayumo kwenye orodha ya kulipwa wala ya kutozwa. Huyo mnamwekaje kwenye modeli yenu?