Wakuu, neno gani la Kiingereza ni laini kuliko "contagious"? Fomu ya shule, naomba msaada wa haraka

Mbondei_Halisi
Wakuu habari za jioni. Binti yangu anaripoti kidato cha kwanza Jumatatu, shule ya bweni huko Nyanda za Juu. Kwenye fomu ya kujiunga kuna ukurasa wa afya, Kiingereza kitupu: "Is the student suffering from any contagious disease?" Chini yake mistari miwili ya maelezo. Ana kaugonjwa kadogo ka ngozi, kanapita tu. Naomba maneno yenye maana hiyo hiyo lakini yasiyotisha, nijaze bila kuleta taharuki. Natanguliza shukrani.

Mwalimu_Bombo
Mkuu, yapo mengi ila hayalingani. "Contagious" ni ugonjwa unaotoka kwa mtu kwenda kwa mtu kwa kugusana au kukaa karibu. "Infectious" ni pana zaidi: wowote unaoletwa na vimelea. Malaria ni "infectious" lakini si "contagious", maana hata ukilala chumba kimoja na mgonjwa, bila mbu huipati. Pepopunda vilevile, vimelea vinaingia na uchafu kwenye kidonda, jirani hakuambukizi. "Communicable" ni la wizarani na kwenye fomu za serikali. "Transmissible" utalikuta zaidi kwenye maandishi ya kitaalamu. "Catching" ni la maongezi, kwenye fomu usiliweke. Na "virulent", ambalo wanafunzi wangu huliingiza kila mahali, linaeleza ukali wa kimelea, halihusu urahisi wa kuambukiza. Sasa tuambie ni ugonjwa gani, ndipo neno litapatikana.

Kijana_wa_Mbagala
Mwalimu umenikumbusha macho mekundu yalivyoipiga Dar mwanzoni mwa 2024. Ofisini alianza mlinzi, akaja mhasibu, mwisho wa wiki tumebaki wawili tunaoonana vizuri. Mpangaji mwenzangu anajiosha macho kwa maji ya majani ya chai, nikamkataza, akanuna mwezi mzima. Ugonjwa wa kuambukiza usiuone mdogo.

Mbondei_Halisi
Asante sana mwalimu. Ni vipele tu. Wakuu naomba tusitoke nje ya mada, nimeuliza Kiingereza.

NesiWaZamu
Vipele gani, baba? Vina maji? Vinawasha? Vilianza wapi? Homa alikuwa nayo? Siulizi kwa umbea. Agosti 2024 WHO ilitangaza mpox kuwa dharura ya kimataifa, na 2025 ikathibitishwa hapa nchini. Mtoto wa vipele siku hizi lazima aangaliwe vizuri.

Mama_Ashura
Na mimi nasubiri jibu la swali la nesi.

Mbondei_Halisi
Si mpox, zahanati wamemwona. Ni tetekuwanga. Ilianza Jumatano kifuani, leo Ijumaa vimefika usoni. Ni ugonjwa wa utotoni, nani hapa hakuugua? Ndiyo maana nikaona niandike "rash" au "skin irritation". Uongo uko wapi, si vipele kweli? Nafasi hii tumeipata kutoka orodha ya akiba, asiporipoti anapewa mwingine. Na tiketi nimeshakata, basi la Jumapili saa kumi na mbili asubuhi.

NesiWaZamu
Sawa, sasa tuongee. Tetekuwanga inaambukiza tangu siku moja au mbili kabla ya vipele kutoka, mpaka kile cha mwisho kifanye gamba. Kwa kawaida ni kama siku tano hadi saba tangu vilipoanza. Jumapili mwanao atakuwa bado anatoa vipya. Virusi hivi vinasafiri kwa hewa, na pia kwa majimaji ya vile vipele. Basi la kutwa nzima, madirisha yamefungwa kwa sababu ya kiyoyozi, siti ya mbele kakaa mjamzito ambaye hakuwahi kuugua: huyo anaweza kupata nimonia mbaya, na mimba ikiwa changa mtoto aliye tumboni anaweza kudhurika. Ukubwani ugonjwa huu si mchezo. Halafu bwenini dalili huchukua siku 10 hadi 21 kujitokeza, kwa hiyo wakati wewe umeshasahau, wenzake ndiyo wanaanza kulala chini mmoja mmoja.

Kwa sasa mkate kucha, aoge kila siku, mpake kalamini. Homa mpe parasetamo. Aspirini usimpe kabisa, kwa mtoto mwenye tetekuwanga inaweza kuleta madhara ya ini na ubongo.

Mama_Ashura
Kaka yangu, huyo binti anakuona unavyojaza hiyo fomu. Siku atakapokudanganya kuhusu matokeo yake utasema kajifunza wapi?

Tumbili_Msomi
Kama tetekuwanga ni "skin irritation", basi dengi tuandike "uchovu wa safari" 😂

Mbondei_Halisi
Mnahukumu kirahisi. Mwaka jana mtoto wa jirani yangu alichelewa kuripoti shule nyingine kwa sababu ya typhoid, nafasi ikaenda. Mimi ndiye ninayelipa ada, mimi ndiye niliyezunguka kutafuta. Naomba neno, maamuzi niachieni.

Jicho_la_Tai
Hii chai. Tuangalie: kwanza "kaugonjwa kadogo ka ngozi", kisha "vipele tu", sasa tetekuwanga, na tiketi, na orodha ya akiba. Kila akibanwa anaongeza kipande. Mtu mwenye uwezo wa kulipia bweni anakosa hata mtu mmoja wa kumwandikia mistari miwili? Mleta mada ni mwanafunzi ana kazi ya nyumbani ya "synonyms", anatutumia.

Kijana_wa_Mbagala
Hata mimi nilishangaa. Nani anafunga fomu Ijumaa usiku?

Tumbili_Msomi
Chai au si chai, somo la mwalimu nimelihifadhi. Mnywaji asiulizwe sukari.

Mbondei_Halisi
Sina ninachopata kwa kutunga. Binti amekaa barazani hapa, kalamini imemkauka usoni kama liwa, anajipepea na fomu hiyo hiyo mnayoibishia. Sanduku lake la bati lipo mlangoni, jina limeandikwa kwa rangi nyeupe, ndoo na kwanja juu yake. Nimeongeza kipande kwa kipande kwa sababu nilijua mtanijibu hivi.

Mzee_wa_Pate
Vijana, punguzeni kushutumiana. Mzazi, nikupe kisa cha kweli. Merca, Somalia, mwaka 1977, mpishi wa hospitali aitwaye Ali Maow Maalin alipanda gari lililobeba wagonjwa wa ndui ili kumwonesha dereva njia. Safari ya dakika chache tu. Alipougua, kwanza walisema ni malaria. Vipele vilipotoka wakasema tetekuwanga, akarudishwa nyumbani, na watu wakawa wanakuja kumtazama. Kumbe ni ndui. Ikabidi kila aliyemkaribia atafutwe na mtaa baada ya mtaa uchanjwe. Kwa bahati hakuambukiza mtu, akawa wa mwisho duniani kuipata kwa njia ya kawaida, na 1980 WHO ikatangaza imekwisha. Baadaye yeye mwenyewe alizunguka kuhamasisha chanjo ya polio. Mwanao ana tetekuwanga ya kawaida, namshukuru Mungu kwa hilo. Lakini wanaompokea waambie jina lenyewe, wajue wafanye nini. Mpigie matroni usiku huu.

Mbondei_Halisi
Mzee shikamoo. Nimempigia. Hakufoka nilivyotegemea. Swali lake la kwanza lilikuwa tarehe vilipoanza, la pili kama kuna kingine kipya leo. Nafasi atamshikia, ila anataka barua ya Kiingereza kwa simu kabla ya Jumatatu, na cheti cha daktari siku ya kuripoti kwamba vyote vimekauka. Mwalimu, hiyo "vimekauka" naiandikaje? "Dry" inatosha?

Mwalimu_Bombo
"Dry" haitoshi, andika "crusted over", matroni atakuelewa mara moja. Anza na "chickenpox" na tarehe ya Jumatano. Kisha: "She will report once all the blisters have crusted over and she is no longer contagious." Kwenye fomu swali lile jibu "Yes".

Jicho_la_Tai
Weka picha ya hiyo barua tuamini.

Mbondei_Halisi
Barua ina jina la mtoto, siweki. Mwalimu, "blisters" ni S moja au mbili katikati?

Mwalimu_Bombo
Moja.

NesiWaZamu
Na tiketi piga simu asubuhi na mapema, waombe wakusogezee tarehe mpaka wiki ijayo.