Kupiga picha za ziwa la mlimani misimu inapobadilika

Swali: Ndugu zangu, theluji ikishatanda kandokando ya ziwa picha zangu hutoka za kijivu, na bata wanaoruka huonekana kama moshi. Ninakosea wapi?

Jibu la kwanza: Kamera hudhani kwamba weupe wote ule ni mwanga uliozidi, hivyo huupunguza, ongeza mwanga kwa hatua 1 hadi 2 (alama +1 hadi +2 kwenye kamera), kisha ukague manyoya meupe yasije yakaungua, yaani yakawa weupe mtupu usio na umbo. Kwa ndege anayeruka, anza na kasi ya 1/1600 ya sekunde, hata ikikulazimu kupandisha ISO (wepesi wa kamera kuitikia mwanga).

Jibu la pili: Majani yanapogeuka rangi, fika kabla ya jua kuchomoza, kwa kuwa maji yenye uvuguvugu chini ya hewa baridi hufuka ukungu, na mara nyingi upepo huwa haujaanza kuvuruga taswira ya mlima majini. Polaraiza, kichujio cha mbele ya lenzi kinachopunguza mng'ao, uizungushe kwa kiasi (wengi hupitiliza), maana yaweza kufuta taswira hiyohiyo uliyoiamkia.

Muulizaji: Ahsanteni. Na betri? Jana ilizima baada ya nusu saa.

Jibu la kwanza: Ni baridi hiyo, ya akiba iweke mfuko wa ndani, karibu na mwili.