Krosova ya spika za nyumbani: mbona mchoro unageuza waya za twita?

Kijana wa Wete
Assalaam alaykum wakubwa zangu. Nnajenga spika mbili za ukumbini, maboksi nshakata tayari, nna wufa (spika za sauti nzito) za inchi 6 na nusu na twita (spika ndogo za sauti nyembamba) za hariri, zote zimeandikwa 8 om, yani kipimo cha ukinzani wa umeme. Kazi imenikwama kwenye krosova, ile sakiti ya kugawa sauti nzito ziende kwenye wufa na nyembamba kwenye twita. Mchoro nilonao, upande wa wufa koili imekaa kwenye njia ya chanya halafu kapasita inakatisha baina ya chanya na hasi, upande wa twita ni kinyume chake, hapo nimefahamu, lakini mwisho kabisa chanya ya twita imepelekwa kwenye hasi ya amplifaya! Fundi mmoja kanambia mchoro umekosewa, mwengine kanambia fata kama ulivo, na wa tatu anasema nisijisumbue, nitie kapasita moja tu kwenye twita na wufa niiache wazi. Nimskilize nani? Mie mtu wa taarab asilia, nataka kanuni na fidla nizisikie kila moja mahala pake, sitaki ngurumo ya kutingisha madirisha.

Fundi Mlandege
Waalaykum salaam yakhe. Mchoro wako sawasawa, usiuguse. Hiyo ni krosova ya daraja la pili, inashusha sauti desibeli 12 kila oktava, yani kila hezi zikizidi mara mbili au zikipungua nusu, na tabia yake ni kuwa pale wufa na twita zinapokutana mawimbi yao yanakuwa yamepishana digrii 180, yani wufa inasukuma mbele twita inavuta nyuma, zinauana. Ukigeuza twita zinasukuma pamoja. Kwa 8 om na kukutana kwenye hezi 3000, hesabu ya Linkwitz na Riley, mainjinia walouleta mpango huu mwaka 1976, inatoa kapasita ya 3.3 maikrofaradi na koili ya 0.85 milihenri, pande zote mbili vilevile. Ukitaka uhakika skiliza spika moja peke yake, weka sauti ya muimbaji bila ya vyombo vingi, kaa mbali kidogo, badilisha waya za twita uskilize tena, utasikia upande mmoja sauti imejaa na mwengine imetoboka katikati.

Chanya ya wufa kama imefutika chukua betri ya volti 1.5 uguse mara moja tu, karatasi ikitoka nje basi chanya ya betri ipo kwenye chanya ya wufa. Twita usiifanyie hivyo. Na kapasita tafuta ya filamu, hizi za kuchomoa kwenye tivii mbovu zina mstari wa hasi ubavuni, muziki unakwenda na kurudi, hazijatengenezwa kwa kazi hii.

Mama Chukwani
Fundi kasema kweli ila mwanangu ujue hesabu ile inaichukulia spika kama om 8 zisobadilika, na spika haikai hivo. Pima wufa yako kwa mita utaona kama 6, halafu muziki ukipanda juu om nazo zinapanda, koili inashindwa kukata pale ulipokusudia na sauti za watu zinakuwa kali. Dawa yake ni rezista na kapasita zikifatana, zikatishwe kwenye chanya na hasi ya wufa yenyewe. Ikiwa mita inasoma 6 na koili ya ndani ya wufa ni 0.5 milihenri, tia rezista ya 7.5 om na kapasita ya 14 maikrofaradi hivi. Kwa mpenzi wa fidla hii miye naiona lazima.

Hiyo ya kapasita moja inalia, redio nyingi za bei rahisi ndo zilivo, lakini inashusha desibeli 6 tu kwa oktava, sauti nzito nyingi zinapenya kwenye twita, ukifungulia sana inaungua. Na siku ukibadilisha twita usitie ya 4 om ukaacha kapasita ileile. Kapasita ya 6.8 maikrofaradi kwenye 8 om inakata karibu na hezi 2900, kwenye 4 om inaruka mpaka 5800, pale katikati pote panabaki patupu.

Jengine, mbao. MDF, zile mbao za unga wa mbao ulogandamizwa, kwa unyevu wa huku inavimba kwenye ncha, paka rangi mpaka ndani ya matundu ya skrubu, la sivyo tumia plaiwudi. Waya zilehemu kabisa, vibanio vya kuchomeka vinaota kijani kwa upepo wa chumvi.

Kijana wa Wete
Mungu akulipeni kheri nyote. Koili ya 0.85 nimeikosa, iliopo ni ya 1.0, haina chuma ndani. Itafaa?

Fundi Mlandege
Inafaa, ifungue mizunguko ya juu. Kama 7 au 8 katika kila 100 inatosha, pima kila ukifungua kidogo. Ukishafika kata, kwangua ile vanishi kwenye ncha ya waya mpaka shaba ing'are ndo ulehemu, risasi haishiki juu ya vanishi. Na koili mbili usizipange sambamba ubavu kwa ubavu, moja ilaze moja isimamishe, ziweke mbalimbali.