Naomba ushauri: nipate wapi utulivu wa kuandika?

Habari za jioni ndugu zangu. Nipo Mtwara mjini, naandika riwaya yangu ya kwanza, na nimekwama sura ya nne tangu mwezi wa nane.

Nyumbani ni chumba na sebule, watoto wawili, na msimu huu wa korosho wageni kutoka shamba hawaishi. Nimejaribu kuamka saa kumi alfajiri, usingizi unanishinda. Ufukweni Shangani upepo unapeperusha kurasa. Mahali pekee maneno yalipokuja ni Mikindani, Jumapili moja, nimekaa kivulini karibu na zile nyumba za kale za mawe, naangalia ngalawa zikirudi. Kurasa sita, bila kuinua kichwa! Nikarudi wiki iliyofuata, palepale, kivuli kilekile, sikupata hata sentensi moja. Hapo ndipo nilipoingiwa na hofu kweli.

Wenye uzoefu, mnafanyaje ili ile hali ya kuandika ije hata penye kelele? Na mlioko Mtwara, kuna sehemu tulivu ambapo mtu anaweza kukaa saa mbili na daftari lake bila gharama kubwa?

Natanguliza shukrani.