Mjadala: Kisumu ijengewe kituo cha ndege binafsi, au pesa ziende kwingine?

Mkazi wa Milimani
Wadau, swali langu ni moja. Je, uwanja wa ndege wa Kisumu ujengewe kituo kamili cha ndege binafsi? Namaanisha jengo lake lenyewe, maegesho yake, geti lake, maafisa wa uhamiaji na forodha humohumo, chumba cha marubani kupumzika, mafuta na hanga la kuhifadhi ndege. Paris wana Le Bourget kwa kazi hiyo, New York wanatumia Teterboro, Johannesburg wana Lanseria. Sisi tuna njia ya kurukia ya kilomita 3.3, tuko jirani na Entebbe na Mwanza, na Africities ya Mei 2022 ilionyesha kwamba wageni wa hadhi wakiitwa Kisumu wanakuja. Mimi nasema kijengwe. Mwekezaji alete pesa, serikali ichukue kodi. Tafadhali tujadili bila siasa.

Mama wa Dunga
Wageni wa hadhi! Sisi tunaopanda ndege ya kawaida kwenda kuona watoto Nairobi ni wageni wa nini? Mbuta wa ziwa hili hukatwa minofu hapahapa, ikapakiwa barafu, ikapanda lori usiku kucha hadi Nairobi ndipo ipande ndege ya Ulaya. Njia ya kurukia tunayo, samaki tunao, halafu tunajadili mahali pa tajiri kunywea kahawa. Jenga chumba baridi cha mizigo kwanza.

Mkazi wa Milimani
Mama, sikusema kahawa. Soma tena.

Fundi wa Wilson
Nimefanya kazi ya ndege miaka mingi, niruhusuni nieleze. Wengi wanadhani kituo kama hicho ni sofa. Sofa ni jambo dogo. Ndege ikifika, mtu aiongoze hadi mahali pake na kuweka choki, yaani vizuizi, kwenye magurudumu. Ikihitaji umeme injini zikiwa zimezimwa, iletewe mtambo wa nje. Choo chake kimwagwe. Mafuta yakaguliwe: mjazaji anachota sampuli kwenye chupa safi ya kioo, anaiinua kwenye mwanga aone kama kuna maji yaliyotuama chini, kisha anavuta kidogo kwa bomba la sindano lenye kidonge cha manjano. Kidonge kikigeuka kijani, mafuta yana maji na ndege hairuki. Hiyo ndiyo huduma yenyewe. Marekani ilianza pale sheria ya anga ya 1926 ilipowabana marubani waliokuwa wakizunguka na vindege vyao mji hadi mji. Baadhi yao wakatulia mahali pamoja, wakauza mafuta na ufundi. Ni biashara ya kazi za mikono, inaajiri vijana. Ila tusidanganyane kuhusu wateja. Kwa upande wetu huu, wa kwanza watakuwa wale waheshimiwa wanaokwenda matanga ya Jumamosi kwa helikopta.

Nyar Ugenya
Fundi, umeeleza vizuri halafu ukaharibu mwishoni. Matanga yameingiaje hapa? Tunazika watu wetu kwa heshima, tunakesha nao, tunawalisha waombolezaji. Mheshimiwa akija na chopa ni yeye kaamua, mfiwa hakumwita nayo. Kila mjadala wa mkoa huu lazima mtu atudonoe kwa matanga?

Omwami wa Mumias
Dada, pole, lakini Fundi kasema kweli. Mwaka jana tulikuwa matangani upande wa Siaya. Wali ulikuwa umepakuliwa kwenye masinia, akina mama wamejipanga na sahani. Chopa ya kwanza ikatua kwenye uwanja wa shule ya msingi, hatua chache kutoka kwenye hema. Vumbi lote likamalizikia kwenye wali. Hema likang'oka upande mmoja, mzee aliyekuwa na maikrofoni akaikumbatia nguzo. Tukasafisha, tukapanga upya, ikaja ya pili. Watoto wote wa kijiji wakakimbilia mkiani kwa mashine, na pale nyuma kuna panga inazunguka ambayo ikienda kasi huioni kabisa. Hilo liliniogopesha kuliko yote.

Nyar Ugenya
Omwami, ninyi mnaofunga barabara nzima kwa sababu ya fahali wawili wanaopigana ndio mtatufundisha usalama wa umma? Fahali akimgeukia mtazamaji nani anamlipa?

Omwami wa Mumias
Fahali hatui shuleni, dada yangu.

Muuguzi wa Zamu
Naomba kurudisha mada. Madaktari wa ndege wa AMREF, shirika la afya lililoanzishwa 1957, wanaruka kutoka uwanja wa Wilson, Nairobi, na mkoa huu ni wateja wao pia. Nimewahi kusimama kwenye geti la uwanja mmoja wa upande huu, siutaji, na mgonjwa wa ajali kwenye machela. Ndege ya kumchukua ilikuwa tunaiona, imeshazima injini. Askari wa getini alikuwa anamtafuta mwenye ruhusa ya kuingiza ambulensi hadi kwenye maegesho. Mimi macho yangu yalikuwa kwenye mtungi wa oksijeni, mshale unashuka. Kituo chenye geti lake na mtu wa zamu anayejua kwamba ndege ya mgonjwa inakuja kingefungua saa ileile. Mimi nakiunga mkono kwa hilo tu. Tajiri atumie, lakini ambulensi ipite bila kulipa na iandikwe kwenye mkataba.

Mpenda Nchi 57
Mkataba na nani? Mwekezaji? Tumesahau 2024 mara hii? Kampuni ya Adani ya India ilikuwa ikabidhiwe JKIA, uwanja mkuu wa Nairobi, miaka 30, wafanyakazi wakagoma Septemba abiria wakalala nje, Novemba rais mwenyewe akafuta. Sasa mnataka kumletea mwekezaji mwingine Kisumu, mlango wa nyuma.

Mkazi wa Milimani
Huo ulikuwa uwanja mzima. Mimi nasema jengo moja na maegesho. Luton kule Uingereza vituo vya ndege binafsi vinaendeshwa na kampuni binafsi na uwanja haujauzwa. Na nilisema bila siasa.

Jirani wa Usoma
Jengo hilo litakaa wapi? Maana mkisema "maegesho" sisi tunaokaa karibu na ua tunasikia "hama". Uwanja uliporefushwa walikuja na kamba na rangi, wakapima, wakaandika majina. Babangu alifuatilia fidia ofisi hadi ofisi, kila moja inamwelekeza kwa nyingine, na bahasha ya makaratasi yake ninayo mimi sasa. Sipingi ndege. Nataka mtu aonyeshe ramani kabla ya kuonyesha picha ya sofa.

Mama wa Dunga
Afadhali wewe umesema, jirani. Na sisi wa samaki vilevile.

Mpenda Nchi 57
Tena viuwanja vidogo vimetuua. Ile ndege ya mawaziri Busia, nadhani 2002, baada tu ya uchaguzi.

Fundi wa Wilson
Januari 2003. Mawaziri walikuwa wametoka kwenye sherehe ya kumpongeza waziri mwenzao Moody Awori nyumbani kwake. Ndege ilipoondoka kwenye kiwanja cha Busia ikagonga nyaya za umeme. Waziri wa Leba Ahmed Khalif alifariki, na marubani wote wawili. Ninyi mnacheka vumbi la wali, mimi nafikiria nyaya. Uwanja wa shule haukupimwa na mtu. Milingoti iko wapi, upepo unatoka wapi, zimamoto iko wapi? Kisumu kuna gari la zimamoto na mnara wa kuongozea ndege. Mheshimiwa atue pale, achukue gari.

Nyar Ugenya
Hapo nakubaliana nawe asilimia mia. Atue Kisumu, aje kwa barabara kama sisi, aone mashimo. Na mfiwa asiulizwe tena kuhusu uwanja wa shule.

Omwami wa Mumias
Basi kaunti zipitishe sheria: chopa marufuku kwenye shule yoyote siku ya matanga au harusi.

Nyar Ugenya
Na siku ya fahali.

Mkazi wa Milimani
Jamani, anga si kazi ya kaunti, ni ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Na swali lilikuwa kituo.

Mwanafunzi Maseno
Swali kwa Fundi: hizo chopa za matangani hujazwa mafuta gani zikiwa kijijini? Niliona pipa nyuma ya pikapu.

Fundi wa Wilson
Inategemea. Ndogo kama Robinson R44 ina injini ya pistoni, inatumia avgas, petroli ya ndege, ile ya bluu. Kubwa kama AS350 inatumia Jet A-1, karibu na mafuta ya taa. Ukichanganya, injini ya pistoni inaweza kuzima angani, ndiyo maana bomba la Jet A-1 huwa na mdomo mpana uliobanwa, usiingie kwenye tundu la avgas. Pipa la nyuma ya pikapu halina mdomo wa aina hiyo, ni mpira tu na pampu ya mkono. Limekaa juani, limeingia unyevu, na sijawahi kuona mtu kijijini akitoa bomba la sindano na kidonge. Wewe uliona likitiwa? Ni wapi hapo, na lilikuwa na alama gani?